Mtoto Anangoja Jina

Menemeni, Thesaloniki
12 Oktoba 1994

Kaka yangu Harlambi,

Naamini barua hii inakukuta mzima, miguu haikusumbui, na ng'ombe wako Marali anakuheshimu kuliko nilivyokuheshimu mimi. Sisi hatujambo. Lefter amepata kazi ya kudumu kwenye karakana ya kuchomelea vyuma. Mkewe Marika anashona nyumbani. Mjukuu wangu ana miezi mitano, mashavu yamemjaa, na jina bado hana. Huku mtoto haitwi jina mpaka abatizwe. Sisi tunamwita "mtoto", majirani wanamwita "mtoto", na nadhani ameshaamini kuwa ndilo jina lake.

Nasoma Kigiriki. Usicheke. Maisha yangu yote nimefundisha hesabu kwa Kirusi, nyumbani tukaongea Kituruki chetu, kwenye pasipoti tukaandikwa Wagiriki, na sasa uzeeni nakaa dawati moja na kijana kutoka Kazakhstan anayetafuna chingamu. Mwalimu wetu, Kleoniki, hapendi kutuweka darasani. Anaandika swali moja ubaoni, tunalinakili, halafu anatutimua bandarini tukalete jibu. Juzi nilitumwa kumwuliza mlinzi wa gati meli ya kisiwa cha Limnos inaondoka saa ngapi. Nikamwuliza. Akanijibu kwa maneno mengi kuliko abiria wa meli yenyewe. Nikamshukuru, nikaenda kukaa kwenye jiwe la kufungia kamba, nikaingoja meli mpaka ikaondoka, nikatazama saa yangu. Darasani nilikuwa na jibu sahihi kuliko wote.

Tangu hapo nimezoea kuzurura. Nashuka basi kwenye maghala ya zamani ya mafuta ya zeituni, napita forodhani, nafuata ukingo wa bahari mpaka Mnara Mweupe, nasoma kila kibao ninachokiona. Miguu inaniuma lakini moyo umechangamka.

Sasa sikia la mkate. Neno pekee la mkate nililokuwa nalo ni lile la bibi yetu, la kwenye Baba Yetu ya Kigiriki cha kanisani aliyotufundisha. Nikaingia kwa mwokaji nikalisema. Akauliza kitu, nikaitikia. Akanyoosha vidole vitano, nikaitikia tena. Akaniambia nije kesho. Kesho yake nikakabidhiwa mikate mitano mikubwa ya duara, ina sukari na mdalasini, imepigwa muhuri wa kanisa. Kumbe mkate wa kula wanauita vingine kabisa, na neno la bibi ni la mikate anayopeleka mtu kanisani ibarikiwe, akiwa na shukrani au nadhiri. Jirani yangu Bi Evanthia alinikuta nayo mlangoni.

"Una sikukuu gani?" akaniuliza.

"Sijui."

"Basi twende, Mungu atakuwa anajua."

Tukaibeba. Padri akataka majina ya walio hai awaombee, nami nikampa lako la kwanza. Mikate ikakatwa, watu wakala, na wanawake ambao hawajawahi kunisalimu wakaniuliza Harlambi ni nani. Nikawaambia ni kaka yangu, anakuja.

Na hilo ndilo jambo lenyewe. Wewe ndiye baba wa ubatizo uliyemshika Lefter siku ile tulipombatiza kwa siri kwenye beseni, mapazia yamefungwa. Kwetu aliyemshika baba ndiye anayemshika mtoto wake wa kwanza. Lefter hataki mtu mwingine. Jina limeshapangwa, Iordanis, la marehemu mume wangu. Linakungoja wewe tu. Njoo kabla theluji haijafunga njia. Yura wa basi amesema atakuwekea kiti cha mbele.

Mdogo wako,
Parthena


Kijijini, Tsalka, Georgia
20 Novemba 1994

Mdogo wangu Parthena,

Barua yako ilikaa sana mfukoni mwa Yura, mpakani Uturuki, mpaka ikanuka tumbaku. Mimi mzima. Miguu ni miguu. Umeme unakuja ukipenda, na wiki hii haukupenda. Kina Savva wameondoka nao. Upande wetu wa mtaa moshi unatoka kwangu na kwa Guram tu, yule Mgeorgia wa milimani aliyehamia nyumba ya Savva. Mtu mzuri. Anapasua kuni hata asipoombwa.

Nilimsomea habari ya mikate, nikimtafsiria kwa Kirusi. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka, halafu nikaacha.

Marali atazaa mwezi wa kwanza, na siwezi kumwachia mtu. Viazi bado sijavifunika sawasawa. Paa la zizi linataka bati jipya. Nakutumia asali na jibini. Mwambie Lefter akichomelea avae miwani.

Nambusu mtoto.

Kaka yako,
Harlambi


Menemeni, Thesaloniki
18 Desemba 1994

Kaka,

Natumaini hujambo. Asali imefika, jibini limefika, jibu halikufika. Nilikuuliza habari ya mtoto, ukanijibu habari ya ng'ombe.

Sisi tu wazima. Marika amepata wateja wapya. Mtoto ana meno mawili na anayatumia vibaya. Mwajiri wa Lefter, mwenye karakana, anaitwa Stathis, mtu mwema sana. Amesikia mtoto hajabatizwa na amejitolea kumshika yeye. Kwa watu wa huku hiyo ni heshima kubwa, kukataa ni kama kumfungia mtu mlango usoni. Lefter amemwambia, "Namngoja mjomba." Stathis ameelewa, lakini kila Jumatatu anauliza kama mjomba amefika.

Nikuchekeshe kidogo. Mwalimu alinituma mji wa juu nikamwulize mtu nani alijenga ule ukuta wa kale. Nikamkuta mzee analisha paka. Nikauliza. Alinijibu mpaka paka wakashiba wakaondoka, mara anapiga kifua, mara anafuta machozi. Niliambulia maneno mawili tu: mke na kwanza. Nikaandika kwenye daftari kwamba ukuta ulijengwa na mke wake wa kwanza. Darasa zima lilianguka vicheko, na mwalimu akasema huenda ni kweli.

Ukisimama pale juu unaiona bandari yote, na siku ikitakata unauona mlima ng'ambo ya ghuba, una theluji kama yetu. Ungeupenda. Njoo tucheke wote, Kaka. Sema tarehe, nimwambie Yura.

Parthena


Kijijini, Tsalka
9 Februari 1995

Parthena,

Njia ilifungwa na theluji, ndiyo maana umekaa bila habari zangu. Mimi mzima. Marali amezaa ndama jike. Nimempa jina siku hiyohiyo, hakungoja padri.

Mwacheni huyo Stathis amshike mtoto. Ni mwenyeji, ana mdomo wa kazi hiyo. Lefter asiningoje.

Nakujibu bila kuzunguka, maana umeniuliza mara mbili. Nimezisoma hadithi zako upya, zote. Unaniita kwa kunichekesha, lakini kila hadithi najiona mimi nimesimama hapo uliposimama, na mwokaji ananinyooshea vidole. Wewe ulikuwa mwalimu, watoto walikuzoesha kuchekwa. Mimi nilisimamia maghala ya shamba la ushirika, nikifungua mdomo watu walinyamaza. Sitaki kwenda kuwa bubu kwenye mji wa watu, nivutwe mkono kama mtoto nikitaka chumvi.

Halafu kuna jingine. Yura anasema Lefter kamwambia huendi darasani tangu Krismasi, wala bandarini huonekani. Wewe hukuniandikia. Kama huko ni kuzuri hivyo, kwa nini umejifungia ndani?

Guram anakusalimu.

Harlambi


Menemeni, Thesaloniki
6 Machi 1995

Kaka yangu,

Nashukuru kwa barua, ingawa imenichoma. Tu wazima wote, na ndama nampongeza kwa kupata jina.

Ni kweli nilijificha. Siku chache kabla ya Krismasi nilikuwa kwenye basi na Marika, tunaongea Kituruki chetu, tunabishana tu kuhusu bei ya vitunguu. Mwanamke mmoja, amevaa vizuri, akageuka akatuambia kitu. Kwa bahati mbaya hiyo ndiyo siku niliyoelewa kila neno. Alituambia turudi tulikotoka na lugha yetu hiyo. Kwetu tulikotoka, Kaka, si walituambia hivyohivyo, twende kwetu Ugiriki? Nilishuka kituo kisicho changu. Tangu siku hiyo niliapa Kituruki changu hakitoki nje ya mlango wangu, na kwa kuwa Kigiriki changu nacho kilinitia aibu, nikawa sina cha kusema nje. Nikakaa ndani. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka uje, na nilijua ukisikia hili hutakuja.

Kleoniki alinifuata. Alipanda ngazi zote zile, akanywa kahawa, hakuniuliza lolote. Akasema, "Vaa koti, nina swali." Tukaenda wote bandarini. Kuna duka la taa nyuma ya forodha, lina kibao kikubwa. Akaniambia nisome. Nikasoma: fos. Nikabaki nimeduwaa pale njiani, kwa sababu neno hilo ninalo tangu utotoni. Limo kwenye Nasadiki ya bibi, ile sala ndefu ya imani, pale katikati, mahali unapolisema mara mbili mfululizo. Miaka yote hiyo tumelisema bila kujua ni nini. Ni nuru, Kaka. Ni taa dukani.

Nikaanza sala kutoka mwanzo, polepole, palepale. Mbingu nilikuwa nimeifahamu kwa wavuvi, maana kila asubuhi wanaitazama na kuitukana. Ardhi niliijua kwa muuza mboga. Watu, uhai, kaburi, vyote vilikuwamo, na vyote nilishakutana navyo mitaani bila kuvitambua. Nililia kidogo, halafu Kleoniki akaninunulia mkate wa ufuta tukala tukitazama meli. Nimerudi darasani tangu Jumatatu iliyofuata. Nina furaha, na safari hii sikudanganyi.

Sasa nisikilize. Anayemshika mtoto halazimiki kuongea na mwokaji wala na mlinzi wa gati. Anatakiwa kusema Nasadiki yote mbele ya padri, basi. Wewe uliijua kuliko mimi, bibi alikusifu wewe. Wengi huku wanaisoma kwenye karatasi, na hakuna anayewalaumu. Njoo uiseme. Pasaka ikipita, njoo.

Parthena


Kijijini, Tsalka
2 Aprili 1995

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Theluji inayeyuka, matope mpaka kwenye magoti. Huyo mwanamke wa kwenye basi simjui na sitaki kumjua, lakini nimelala vibaya kwa ajili yake. Ungeniandikia wakati uleule.

Nilikwambia naogopa kuchekwa. Ni kweli, lakini si yote. Yaliyobaki sijamwambia mtu.

Ulikuwa na miaka miwili, hukumbuki. Baba alikuwa mwimbaji wa kanisani, ana sauti ya kuvuka bonde. Askari wa serikali walipokuja kumchukua mwaka ule wa thelathini na nane, bibi hakuamini mambo ya siasa waliyoyataja. Aliamini ni ile sauti iliyomponza. Baada ya hapo alinifundisha sala kwa kunong'ona, nyuma ya jiko, wewe ukiwa mgongoni mwake. Nikikosea neno alinisahihisha kwa upole. Nikipaza sauti alinizaba kofi, halafu alilia yeye.

Parthena, sijawahi kuisema Nasadiki kwa sauti maisha yangu yote. Hata siku ya Lefter, padri mwenyewe alinong'ona. Ghalani nilifoka kama simba, lakini hayo yalikuwa maneno ya Kirusi. Ya bibi hayatoki. Ulipoandika habari ya duka la taa nilikwenda zizini kujaribu. Maneno yalikuja yote, sauti ikagoma. Marali alinitazama kwa huruma, nikaona aibu mbele ya ng'ombe.

Hilo ndilo ninaloogopa. Nisimame mbele ya watu wote hao, koo linifunge, na mtoto wa Lefter akose jina kwa ajili yangu. Stathis ana koo zima. Mfikirie mtoto, usinifikirie mimi.

Harlambi


Menemeni, Thesaloniki
28 Aprili 1995

Kaka,

Kristo amefufuka. Sikujua habari ya baba na bibi. Nimeisoma barua yako jikoni, nikamwita Lefter, naye akaisoma kwa kusimama.

Amesema hivi, nanukuu: "Mwambie mjomba aje na koo alilonalo. Akinong'ona, padri atainamisha kichwa amsikie. Mimi alininong'onezea, na jina langu mbona lilinishika?"

Tarehe ni kumi na moja Juni. Nauli ya basi imeshalipwa. Guram atamkamua Marali, nimemwandikia mwenyewe kwa Kirusi, usimsumbue kwa maswali.

Parthena


Kijijini, Tsalka
20 Julai 1995

Mdogo wangu Parthena,

Nimefika salama. Yura alinisimamisha kwenye kila mpaka akiwaambia askari mimi ni mjomba wake, kwa hiyo sasa nina mpwa mwingine. Marali mzima, ndama amekua, Guram amenona kwa maziwa yangu. Viazi vimetoa maua. Ulinipakia samaki wa chumvi wengi mno, nimewagawa mtaa mzima, yaani kwa Guram.

Nataka kukuandikia habari ya siku ile. Najua ulikuwapo, lakini ulikuwa nyuma yangu, hukuona nilichokiona mimi.

Padri aliponiambia nianze, nilianza. Midomo ilikwenda vizuri. Nilikuwa namwona padri amesogeza sikio, mtu mwema, halafu nikawaona wale wanawake wako wa mikate wanatazamana, na Stathis anatazama viatu vyake kwa kunionea huruma. Padri akaniambia niongeze sauti. Hakutumia ishara, alisema tu, nami nikamwelewa. Nilimwelewa na bado sikuweza. Koo lilikuwa limefungwa kama nilivyokuambia. Mtoto alikuwa mzito mikononi, analia, na nilianza kumtafuta Lefter kwa macho nimpe amkabidhi Stathis.

Hapo ndipo nikakusikia. Ulisema kwa Kituruki chetu, kanisani, kwa sauti uliyokuwa ukiwatulizia watoto wa darasa la hesabu: "Kaka, sema kwa nguvu. Waliokuwa wakitusikiliza wamekufa wote."

Nilijua kiapo chako. Niliona watu wamegeuka, na nilijua umejiweka wazi mbele ya kila mtu katika mtaa wako kwa ajili yangu. Wazee wawili mbele waliitikia kwa kichwa, kumbe wanaielewa lugha hiyo, nao wanayo yao ya kuficha. Basi nikaona haya kukuacha peke yako.

Sauti iliyotoka, Parthena, si ile ya ghalani. Ni ya baba. Nimeitambua mara moja ingawa niliisikia mara ya mwisho nikiwa na miaka kumi. Sikujua kwamba ninayo. Lefter anadai taa zilitikisika, huo ni uongo wake, lakini mtoto alinyamaza, hilo ni kweli. Nilipofika pale kwenye nuru nikaelewa ninachosema, na nikaendelea, na mbingu nikaielewa, na uhai nikauelewa. Mengine nilipita tu kama zamani. Padri alipouliza jina nilisema Iordanis kwa nguvu mno, kama naita mtu ng'ambo ya mto, na kanisa zima likacheka. Nikacheka nao. Nilikuwa nimeogopa kitu hicho mwaka mzima, na kilipokuja kilikuwa kitamu.

Nitakuja Oktoba, nikishavuna. Nakuja kukaa. Marali na ndama nimemwahidi Guram, na nyumba ataiangalia. Mwambie mwalimu wako aniandike darasani, na kwamba nina miguu mibovu, maswali ya karibu karibu.

Jambo la mwisho. Jana jioni nilitaka kusali kwa namna yangu ya siku zote, nyuma ya jiko. Nikaanza kunong'ona, nikashindwa. Haikubali tena. Nikasimama nikaisema Nasadiki ilivyotaka kutoka, na dirisha lilikuwa wazi. Mara Guram akagonga, amevaa kiatu kimoja, anauliza nagombana na nani.

Nikamwambia sigombani na mtu, nasali. Akavua kofia, akaketi kwenye kizingiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

Mbusu Iordanis.

Kaka yako,
Harlambi